Kupima Tindikali Tone kwa Tone

Msimu wa korosho ukifunguka, minada ya Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, hujaa watu wenye fedha mpya mfukoni, na wauza dawa za asili hawabaki nyuma. Wanatandaza turubai chini: magome upande huu, mizizi upande ule, unga ndani ya chupa za maji zilizokwishatumika. Waulize habari ya vidonda vya tumbo na hawatasita, watakuambia hii inakata asidi. Hatua chache kutoka hapo, duka la dawa muhimu linauza omeprazole na vidonge vya kutafuna vya magneziamu kwa ahadi hiyohiyo. Ahadi ni moja, ila ile ya dukani ilipita kwanza mikononi mwa watu walioikalia na kuipima kwa mililita na kwa matone. Ya kwenye turubai mara nyingi haijapita huko. Hao wapimaji na kazi ya mikono yao ndio ninaotaka kuwasifu, maana husifiwa kwa nadra. Sifa huenda kwa dawa, au kwa profesa aliyetia saini.

Mfuko wa chakula hutengeneza tindikali kali kweli. William Prout, daktari Mwingereza, alichapisha mwaka 1824 ushahidi kwamba ni asidi hidrokloriki, ileile ya chupa za maabara. Chembe maalumu zilizo ukutani mwa mfuko huisukuma nje kwa pampu ndogo za protini, na inapotoka pH yake hukaribia 1. Kinachozuia mfuko usijile wenyewe ni utando wa ute. Utando huo ukidhoofishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walimhusisha na vidonda mwanzoni mwa miaka ya 1980, au ukidhoofishwa na vidonge vya maumivu kama diclofenac na aspirini, tindikali humalizia kazi. Kwa hiyo anayesema dawa yake inakata asidi amesema jambo linalohesabika. Imekata kiasi gani? Ndani ya saa ngapi? Ukilinganisha na nani ambaye hakuinywa?

Shida ya kwanza ni kuifikia hiyo tindikali, kwa kuwa imefichwa ndani ya mwili na kila dakika inateremka kwenda kwenye utumbo. Mwaka 1822 bahati mbaya ya mtu mmoja ilifungua mlango: Alexis St. Martin alipigwa risasi ya bunduki kwenye kisiwa cha Mackinac huko Marekani, jeraha likapona bila kufunga, na daktari wa jeshi William Beaumont akawa anachungulia na kuchota maji ya tumbo lake kwa miaka. Lakini huwezi kujenga elimu juu ya tundu la mtu mmoja. Ivan Pavlov, kule Saint Petersburg, alitengeneza tundu kwa makusudi. Alitenga sehemu ya mfuko wa mbwa, akaishona iwe kimfuko kidogo chenye mdomo nje ya ngozi, akahakikisha neva zake zimebaki nzima. Rudolf Heidenhain, Mjerumani aliyemtangulia, alikuwa akizikata neva hizo, na kimfuko chake hakikujua kama mbwa ameona nyama au hajaona. Cha Pavlov kilijua. Tofauti yote ilikuwa kwenye ncha ya kisu, na mwaka 1904 ilimletea Tuzo ya Nobel. Maabara hiyohiyo, nikumbushe kwa kupita tu, ilikuwa ikikinga maji ya tumbo la mbwa na kuyauza kama dawa ya watu wasiosaga chakula vizuri, na wanunuzi hawakukosekana. Wauza dawa wetu wa mnadani wana ndugu mahali wasipopatarajia.

Mbwa ni ghali, na upasuaji wa namna ile huchukua miezi kufundishika. Njia iliyosambaa duniani, hata kwenye maabara zenye bajeti finyu, ilitoka kwa Harry Shay na wenzake wa Philadelphia mwaka 1945. Wao walitumia panya. Ukifunga njia ya kutokea chini ya mfuko wa chakula, walisema, kila kinachotolewa na mfuko kitabaki humo humo, na utakikuta ukirudi. Wazo ni jepesi kiasi kwamba mtu anaweza kulidharau. Tulifuate hatua kwa hatua.

Panya hushindishwa na njaa kwa saa ishirini na nne hivi, maji akiachiwa. Hukaa kwenye kizimba chenye sakafu ya waya, si ya maranda, na hapo tayari unaona mpimaji anayemjua mnyama wake: panya mwenye njaa hula maranda, na hula mavi yake mwenyewe. Mfuko wenye chembe za mavi hautakupa tindikali safi, kwa kuwa chakula hufyonza sehemu ya tindikali na pia huuchochea mfuko kutoa zaidi. Waya huruhusu mavi yadondoke chini yasikofikika.

Kisha anapewa nusukaputi. Fundi hunyoa manyoya chini ya kidari, anapasua mpasuko mfupi, ngozi kwanza halafu misuli, na anautafuta mfuko bila kuuvutavuta, kwa sababu mfuko ulioshikwashikwa hutoa tindikali pungufu ya kawaida yake. Mwisho wa mfuko, kabla ya utumbo mwembamba kuanza, pana msuli wa mviringo unaoitwa pilora. Hapo ndipo uzi unapopitishwa. Mtazamaji angedhani ni sawa na kufunga mdomo wa gunia la korosho, vuta, kaza, basi. Lakini kandokando ya pilora hupita mishipa midogo ya damu, na uzi lazima uzunguke njia ya chakula bila kuibana mishipa hiyo. Ukiibana, ukuta wa mfuko unakosa damu, na utakachokuja kupima ni maumbile ya kiungo kinachokufa. Ukilegeza uzi, tindikali itavuja kwenda utumboni, na dawa isiyo na uwezo wowote itaonekana imefanya maajabu. Makosa haya mawili yametengana kwa milimita mbili tu, na hakuna mashine inayokuonya. Vidole ndivyo vinavyojua.

Mfuko hurudishwa mahali pake, tumbo hushonwa, na saa huanza kuhesabiwa. Mara nyingi ni saa nne. Kuanzia hapo hata maji hapewi, maana kila tone atakalomeza litaingia kwenye hesabu. Saa zikitimia, mnyama anauawa kwa njia isiyomtesa, umio unafungwa ili kisichomoke kitu kwa juu, na mfuko unatolewa mzima. Unachanwa juu ya neli yenye alama za mililita, na maji yanamiminika. Yenye damu hutupwa. Yenye rangi ya nyongo hutupwa. Yaliyobaki huzungushwa kwenye mashine mpaka takataka zikae chini, ndipo ujazo unasomwa.

Sehemu inayofuata ataitambua kijana yeyote wa Nachingwea au Ruangwa aliyefanya mtihani wa vitendo wa kemia kidato cha nne. Mililita moja ya maji ya tumbo inachanganywa na maji yaliyokenekwa. Bureti imejazwa hidroksidi ya sodiamu iliyozimuliwa sana, kwa kawaida 0.01 N. Mkono wa kushoto uko kwenye koki, wa kulia unazungusha chupa. Kwa kiashiria cha Töpfer, wekundu hugeuka njano pale tindikali huru inapokwisha. Kwa fenolfthaleini, maji yasiyo na rangi huanza kuwa waridi pale tindikali yote, iliyo huru na iliyojishika kwenye protini, imekwisha kuzimwa. Mwanafunzi mwenye haraka hufungua koki, rangi inaruka moja kwa moja hadi waridi iliyokoza, na anaanza upya akinung'unika. Mwenye maji ya tumbo la panya hana anasa hiyo. Ana mililita chache tu, na mnyama aliyezitoa hayupo tena. Hufika karibu na mwisho kwa kasi ya kawaida, halafu hutoa tone, husubiri, hutoa nusu ya tone na kuigusisha kwenye ukuta wa chupa, husuuza kidogo kwa maji, hutazama juu ya karatasi nyeupe. Waridi hafifu kabisa, isiyopotea ukiitikisa, ndiyo anayoitafuta. Hupima tena kwa maji yaliyobaki, na majibu mawili yasipokubaliana haendelei.

Hesabu yenyewe ni fupi, ila ina mtego ninaoupenda. Tuseme panya aliyenyweshwa maji matupu ametoa mililita 6, na kila mililita imehitaji mililita 8 za ile alkali ya 0.01 N. Ukali wake ni milikwivalenti 80 kwa lita. Panya aliyepewa dawa ametoa mililita 3 tu, zenye ukali uleule wa 80. Aliyetumbukiza kipimo cha pH na kuondoka ataandika kwamba dawa haikufanya chochote, kwa kuwa maji ya panya hawa wawili yana ukali sawa. Aliyezidisha ukali kwa ujazo ataona kwamba wa kwanza ametoa mikrokwivalenti 480 na wa pili 240. Tindikali imepungua kwa nusu. Na hata hiyo pH ina hila yake: kutoka 2 kwenda 3 tindikali imepungua mara kumi, kwa hiyo kujumlisha pH za panya sita na kugawa kwa sita hakukupi wastani wa tindikali yao. Nimeona maandiko yanayofanya hivyo bila haya.

Sasa turudi kwa muuza dawa. Tuchukulie unga wake umechanganywa na magadi, au na majivu, jambo la kawaida katika dawa nyingi za kienyeji. Umnyweshe panya, umfunge pilora, urudi baada ya saa nne. Tindikali itakuwa pungufu. Je, dawa imeuambia mfuko upunguze kazi? Hapana. Magadi yameizima tindikali iliyokwishatolewa, kama vidonge vya magneziamu vinavyofanya, na mfuko umeendelea kumimina vilevile. Kwa mgonjwa huenda nafuu ikaja kwa njia zote mbili, lakini ni dawa mbili tofauti, na kipimo kisichozitenganisha kimepotea bure. Fundi hulitatua kwa jambo dogo lenye akili nyingi: mara tu baada ya kufunga uzi, kabla ya kushona tumbo, huingiza dawa kwa sindano upande wa chini wa fundo, ndani ya utumbo. Dawa sasa haiwezi kugusana na tindikali. Ikiwa tindikali bado itapungua, basi imepunguzwa kwa kupitia damu, kwenye chembe zenyewe. Fundo moja limefanya kazi mbili: limeikusanya tindikali, na limekuwa ukuta kati yake na dawa.

Magome yana matata mengine. Mengi yana tanini, na chai ya tanini ni ya kahawia. Ikibaki mfukoni, rangi yake hufunika waridi hafifu ya fenolfthaleini, na jicho hujidanganya. Hapo kiashiria huwekwa kando na elektrodi ya kioo hutumika, alkali ikidondoshwa mpaka kipimo kisome 7. Tena mtu anayedondosha hatakiwi kujua chupa ipi ni ya panya yupi. Hili si suala la uaminifu wake. Anayetamani dawa ifanye kazi huiona waridi mapema kwenye chupa za dawa, na hatajua kwamba ameiona mapema.

Njia ya Shay, pamoja na uzuri wake, hukupa jawabu moja kwa mnyama mmoja, baada ya saa nne za giza. Mwaka 1958 M. N. Ghosh na H. O. Schild wa University College London waliwasha taa. Panya wao alilala usingizi mzito wa dawa toka mwanzo mpaka mwisho. Mrija uliingia kupitia umio na mwingine ukatokea chini ya mfuko, na alkali iliyozimuliwa mno ikapitishwa polepole bila kukatika, ikisafisha mfuko na kutokea juu ya elektrodi iliyounganishwa na kalamu inayochora pH. Mfuko ukitulia, mstari unakaa. Ukidunga histamini kidogo, kemikali inayouchochea mfuko, kwenye mshipa, baada ya dakika chache mstari unazama, kisha unapanda tena hadi ulipoanzia. Unadunga maradufu, unazama zaidi. Mnyama mmoja anakupa majibu mengi, na analinganishwa na nafsi yake mwenyewe. Ustadi hapa ni wa kungoja: usidunge dozi ya pili kabla mstari haujarudi, hata kama saa ya chakula imepita.

Kwa kifaa hicho, kilichorekebishwa kidogo, James Black na wenzake wa kampuni ya Smith Kline & French huko Welwyn Garden City walitafuta kuanzia 1964 kitu kitakachoizuia histamini isiuchochee mfuko. Miaka ikapita na mstari ukawa unazama vilevile, kemikali baada ya kemikali. Ufa ulionekana walipoirudia kemikali waliyokwishaiweka kando kwa kuwa ilichochea tindikali, wakaipima upya na kugundua kwamba humo humo ilikuwa ikiizuia histamini kidogo. Kutoka kwenye kidogo hicho walifika burimamide, waliyoitangaza mwaka 1972, kisha cimetidine iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1976. Nobel ya Black ilikuja 1988. Jambo lenyewe lilikuwa limelala kwenye karatasi zao. Ilibidi swali liulizwe tena kwa utaratibu mwingine ili lionekane.

Tanzania nayo ina mikono ya namna hii. Kitengo cha utafiti wa tiba asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na leo ni Taasisi ya Tiba Asili ya chuo kikuu cha afya cha hapo. Mwaka 2012 watafiti wake, Haule, Moshi na wenzao, walichapisha uchunguzi wa dawa ya vidonda vya tumbo iliyotengenezwa kwa miti minne: Ozoroa insignis, Maytenus senegalensis, Entada abyssinica na Lannea schimperi. Ni miti iliyoenea sana katika mapori ya nchi yetu, na mtu aliyezoea miombo ya kusini hatashangaa kukutana na baadhi yake. Ila walichopima hakikuwa utoaji wa tindikali. Waliwanywesha panya mchanganyiko wa ethanoli na asidi hidrokloriki, kitu kinachochubua mfuko kwa dakika chache, wakatazama kama waliotangulizwa dawa wamechubuka pungufu. Hapo tindikali imeletwa kutoka nje, kwa chupa. Dawa inayofunga pampu za mfuko haina cha kuzuia katika jaribio hilo; inayong'ara ni ile inayoimarisha ukuta. Watafiti hao waliita walichokiona kwa jina lake, kinga ya chembe. Ukiusoma kwa haraka uchunguzi kama huo unaweza kutoka ukisema miti minne inakata asidi. Haikusemwa hivyo, na heshima yangu kwao inaanzia hapo.

Kutopima kuna gharama yake, na Nachingwea yenyewe iliwahi kufanywa jaribio lisilopimwa. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ukiongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza karanga zilimwe kwenye ekari zaidi ya milioni tatu. Matingatinga yakaja, reli ikajengwa kutoka pwani hadi Nachingwea, na mpango ukafutwa Januari 1951 ukiwa umeteketeza pauni zipatazo milioni 36. Vipimo vya mvua na udongo vingegharimu misimu michache na mashamba madogo. Wazee wa huko huizungumzia reli iliyong'olewa kwa kicheko kisicho na furaha.

Lakini kupima nako kuna bei ambayo wanaosifu kazi hii hawapendi kuitaja. Panya wa Shay huzinduka na mfuko uliofungwa unaojaa tindikali, na hiyo ni adha kubwa. William Russell na Rex Burch waliandika mwaka 1959 kwamba mtafiti atafute mbadala wa mnyama, apunguze idadi, na apunguze mateso. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kwa maoni yangu fundi hodari hupimwa hapa kuliko kwenye uzi. Mwenye mkono unaotetemeka huhitaji panya ishirini kupata jawabu ambalo mwenye mkono tulivu hulipata kwa sita, kwa kuwa majibu yake yametawanyika. Na tangu 1976, Thomas Berglindh na wenzake wa Uswidi walipoonyesha namna ya kupima tindikali kwenye tezi za mfuko wa sungura zilizotenganishwa na kuwekwa ndani ya chupa, maswali mengi hayahitaji tena mnyama aliyepasuliwa akiwa hai. Anayefunga pilora leo aeleze kwanza kwa nini chupa haikumtosha.

Gome kutoka Ruangwa likitaka kupimwa kwa haki, safari yake ingeanza kwa tawi lenye majani na maua kukaushwa na kupelekwa kwenye hifadhi ya mimea ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ili kila mtu ajue ni mti gani, maana jina moja la Kimwera linaweza kubeba miti miwili. Lingechemshwa kwa maji, kwa muda anaouchemsha mganga, kwa sababu wagonjwa wake hawanywi mchujo wa ethanoli. Kundi moja la panya lingepata dawa, la pili maji, la tatu omeprazole, na anayeshika bureti asingejua lipi ni la dawa, lipi la maji, wala lipi la omeprazole. Dawa ingepita chini ya fundo. Na kama makundi ya gome na ya maji yatatoa tindikali sawasawa, gome lisitupwe: lihamishiwe kwenye jaribio la ethanoli, halafu kwenye sahani iliyooteshwa Helicobacter, na mganga aletewe majibu yote matatu kabla ya mtu yeyote kuandika neno kwenye kibandiko cha chupa.